Kuhifadhi historia ya vijiji vya wavuvi mwambao wa Ziwa Tanganyika: mwongozo kamili kwa watu wa Kigoma

Ukiuliza historia ya Kigoma utasimuliwa Ujiji na mwembe walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Utasimuliwa reli iliyofika hapa 1914, na meli ya Wajerumani iliyozamishwa 1916, ikaibuliwa na kupewa jina la Liemba. Hayo ni yetu na yana vitabu vyake. Lakini nani alifyeka kwanza pale ulipo mwalo wa kijiji chako, pale mitumbwi inapopakulia samaki? Dagaa walivuliwaje kabla ya karabai? Kambi ile ya ng'ambo ya mto ilihamishwa na nani, na kwa sababu gani? Majibu ya maswali hayo wanayo wazee wachache, na kila mwaka tunazika baadhi yao.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijiji kama Kagunga, Mwamgongo, Mtanga, Sibwesa na Kalya, ambavyo kwa muda mrefu vilifikiwa kwa boti tu, vikaishi maisha ya visiwani ingawa viko nchi kavu. Utawafaa pia wenzetu wa visiwa vidogo vya Kipili kule Nkasi. Mvuvi huhama kumfuata samaki, na kibanda chake ni cha miti na nyasi. Ukitafuta majengo ya kale utarudi mikono mitupu. Historia yake imo katika kazi: katika wavu, taa, mgao wa samaki, majina ya ghuba na habari za dhoruba. Ifuate kazi hiyo hatua kwa hatua nawe utaipata historia.

Hatua ya kwanza: chagua mwalo mmoja, kisha piga hodi

Usianze na "historia ya wavuvi wa Ziwa Tanganyika". Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670 na nchi nne zinapakana nalo. Chukua mwalo mmoja, au kijiji kimoja na makambi yake. Kazi ndogo iliyokamilika ina faida kuliko kubwa iliyoachwa njiani.

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, hata kama umezaliwa hapo na mwenyekiti ni mjomba wako. Eleza unachotaka kufanya, nani atasikiliza rekodi na zitakaa wapi, halafu omba jambo hilo lisemwe kwenye mkutano wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari. Kisha nenda kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, maana ndio wanaojua mitumbwi ni ya nani na wageni wametoka wapi. Mtu anayepita na simu akiuliza maswali mwaloni bila kutambulishwa hudhaniwa ni wa kodi, wa uhamiaji au wa doria ya nyavu haramu, na hapo utaambiwa mambo matamu yasiyo na ukweli. Mtafiti kutoka nje ya nchi ana sharti la ziada, kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Hatua ya pili: fuata mwezi

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kila mwezi hadi giza lirudi. Siku hizo ndizo zako. Watu wako nyumbani, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wana nafasi ya kukaa. Ukienda wakati wa giza utamkuta mzee amekesha ziwani na macho mekundu, naye kwa heshima atakujibu mawili matatu ili akalale.

Kwa akina mama wanaoanika dagaa hesabu ni nyingine. Asubuhi ni ya kupokea mzigo, kutandaza na kugeuza, na mvua ikitisha kila mtu hukimbilia kuanua. Nenda alasiri, au siku ambayo mzigo haukuingia. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mwalo mzima ulikuwa na muda. Ukitangazwa msimu mwingine wa kufunga, jiandae mapema uutumie.

Hatua ya tatu: watafute wote walioshika kazi

Kijiji kitakuelekeza kwa mzee mmoja anayejulikana kwa kusimulia. Msikilize, ana haki yake. Lakini mwalo una watu wengi na kila mmoja ameona upande wake. Mtafute tajiri mwenye mitumbwi na mvuvi aliyefanya kazi kwa mgao, maana hadithi zao za fedha hazifanani. Mtafute fundi mitumbwi, fundi karabai, nahodha wa boti la abiria, mchuuzi aliyepeleka magunia ya dagaa stesheni. Watafute bibi walioanika dagaa mchangani kabla ya vichanja kuenea. Kwa maoni yangu wao ndio wamesahaulika kuliko wote, ilhali wanakumbuka bei, njaa, ndoa na vifo kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio waliobaki ufukweni wakihesabu nani amerudi.

Tena, mwambao wetu ni mchanganyiko. Kuna Waha, Wabembe, Watongwe, Wamanyema, Wabwari, Waholoholo, Wafipa na Warundi, na Waswahili wa Ujiji wenye nasaba kutoka pande zote za ziwa. Historia iliyochukuliwa kwa kabila moja tu itakuwa na pengo, na pengo hilo kesho litageuzwa kuwa hoja ya kumnyima mtu kiwanja.

Hatua ya nne: ridhaa, na siri za watu

Hapa naomba usiharakishe. Kabla ya kubonyeza kitufe, mweleze mtu kwa lugha anayoielewa: ninarekodi sauti yako, itasikilizwa na hawa, itatunzwa hapa, una haki ya kukataa swali, una haki ya kusema sehemu fulani ifutwe. Kisha muulize mambo matatu kando kando. Je, jina lako litajwe? Sauti yako isikilizwe na wanakijiji wote au na familia tu? Iwekwe kwenye intaneti? Watu wengi hukubali la kwanza na la pili na kukataa la tatu, nao wana haki. Asiyejua kuandika aseme ridhaa yake kwenye rekodi yenyewe. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, kwa hiyo suala hili limevuka adabu, sasa ni la kisheria pia.

Kigoma ni mpakani. Mzee akisema baba yake alivuka kutoka Ubwari kule Kongo au Rumonge kule Burundi akiwa na mtumbwi na wavu, kwake hiyo ni hadithi ya ujasiri. Ikisikilizwa na mtu mwenye nia mbaya, inageuka kuwa shaka juu ya uraia wa wajukuu zake. Watu walivuka ziwa kwa vita za Burundi za 1972 na 1993, kwa vita vya Kongo vya 1996, na Mei 2015 maelfu walijazana Kagunga hadi kipindupindu kikaingia, ndipo Liemba ikawa inawasafirisha kuja Kigoma mjini. Mambo haya lazima yahifadhiwe, lakini majina na mahali pa asili pa mtu mmoja mmoja viwe kwenye nakala iliyofungwa, isiyotolewa bila idhini ya familia. Fanya hivyohivyo kwa habari za nyavu haramu, za magendo, na za kutuhumiana uchawi. Mtu akitaja jina la jirani aliyedaiwa kuzamisha mtumbwi kwa dawa, jina hilo halitoki kwenye daftari lako.

Hatua ya tano: kifaa

Simu ya kawaida inatosha. Iwe na chaji na nafasi, uizimie mtandao ili isilie katikati ya maneno. Adui mkubwa ni upepo wa ziwani na injini za boti. Kaa ndani ya nyumba au upande wa nyumba usiopigwa na upepo, mbali na redio na mashine ya kusaga. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na msemaji, wala usiishike mkononi. Kama lazima mkae nje, funika kipaza sauti kwa kitambaa chepesi. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uanze.

Mwanzoni mwa kila rekodi sema mwenyewe tarehe, mahali, nani anasema na nani anauliza. Ni sekunde chache, lakini rekodi isiyo na maneno hayo baada ya miaka 20 haina mwenyewe. Beba betri ya ziada, maana kambi nyingi zina umeme wa sola wa taa tu.

Hatua ya sita: uliza kazi, tarehe zitakuja

Ukimwambia mzee "tuambie historia ya kijiji hiki" atakupa hotuba: mkoloni, uhuru, maendeleo. Anza na shikamoo, uliza habari za nyumbani, kisha uliza kitu alichokishika kwa mikono yake. Mzee, siku ya kwanza ulipotoka kuvua mtumbwi ulikuwa wa nani? Wa gogo au wa mbao? Mlivua kwa lusenga, ule wavu wa kuchotea, au kwa kipe, aina nyingine ya wavu? Taa ilikuwa moto wa kuni, karabai au betri, na karabai ya kwanza hapa aliileta nani? Mgao ulikwendaje kati ya tajiri na wavuvi, na mafuta ya taa alilipa nani? Dagaa walipimwa kwa nini, wakasafirishwa na nani? Usiku mliokamatwa na dhoruba mlikimbilia ghuba gani?

Kisha nyamaza. Ukimya wa mzee mara nyingi ni wa kukumbuka, na kijana anayeukata kwa swali jingine hupoteza jambo lililokuwa linakuja. Maswali mawili yabaki ulimini muda wote: "uliona mwenyewe au ulisimuliwa?" na "baada ya hapo?" La kwanza linakusaidia kutenganisha ushahidi na mapokeo bila kumvunjia mtu heshima. Yote mawili yana thamani, lakini yaandikwe kila moja kwa jina lake.

Kuhusu miaka, usimlazimishe mtu kutaja namba. Tengeneza kalenda ya matukio ya kijiji uende nayo. Mwambao wetu una alama nzuri: reli kufika 1914, meli kushushwa majini 1915, kuzamishwa 1916, kuibuliwa 1924 na kurudi kazini kama Liemba 1927, uhuru 1961, mvua kubwa zilizofuata na ziwa kupanda mpaka karibu 1964, Gombe kuwa hifadhi ya taifa 1968, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, Mahale kuwa hifadhi 1985, ziwa kupanda tena na kumeza nyumba na fukwe 2020 na 2021. Muulize: ulikuwa umeoa watu walipohamishiwa kijijini? Mtoto wako wa kwanza alizaliwa kabla ya maji kupanda au baada? Kwa maswali kama hayo mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anakupa muongo sahihi, pengine mwaka wenyewe. Ongeza alama za kijiji chenyewe: mwaka boti fulani lilipozama, msikiti au kanisa lilipojengwa, mwalimu mkuu wa kwanza alipofika.

Habari za hifadhi ziulizwe kwa makini ya pekee. Fukwe za Gombe zilikuwa na makambi ya waanika dagaa, na Watongwe waliishi milima ya Mahale kabla ya kuondolewa. Wazee waliokulia huko bado wanataja vijito, makaburi na mashamba kwa majina. Vizazi vinavyokuja vitaona msitu tu, labda na sokwe wake, kama majina hayo hayakuandikwa leo.

Hatua ya saba: ramani ya majina

Tafuta karatasi ya manila na kalamu za rangi, au chora mchangani kwa kijiti na upige picha. Waite wazee watatu au wanne pamoja, wanaume kwa wanawake, wakumbushane na kubishana. Mabishano yao yarekodi pia. Waombe waweke makambi yaliyokufa, miamba yenye majina, mahali samaki wanapozaliana, ghuba za kujificha upepo, na pepo zenyewe kwa majina yake na miezi yake. Siku nyingine kodi mtumbwi mpite ufuoni na mmoja wao, mkichukua alama kwa simu kila anaponyoosha kidole.

Usifunge jina kwenye ufuko pekee, maana ufuko wa Tanganyika unahama. Katika karne ya 19 maji yalipanda mpaka mwaka 1878, njia ya mto Lukuga upande wa Kongo ilipofunguka na ziwa likashuka. Ndiyo sababu kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji leo iko mbali na maji ingawa zamani ziwa lilifika jirani. Andika jina pamoja na jiwe, mwembe, mlima au mdomo wa mto ulio karibu.

Mahali pa matambiko pana wenyewe. Waulize kama paonyeshwe kwenye ramani ya wote au pabaki kwao. Wakisema pabaki, pabaki.

Hatua ya nane: karatasi na picha

Kila kijiji kina nyaraka, hata kikidai hakina. Kuna mihtasari ya mikutano kwa mtendaji, daftari la matukio shuleni, rejista za ubatizo na ndoa parokiani, madaftari ya BMU, leseni za zamani za mitumbwi, stakabadhi za ushuru, barua kutoka kwa jamaa walioko Kalemie au Bujumbura. Omba kuzipiga picha palepale, wala usizibebe. Piga kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, bila flashi, karatasi ikiwa imelala, simu ikiwa juu yake sawasawa. Geuza upige na nyuma, kwani mara nyingi majina ya waliomo pichani yameandikwa huko. Mwenye picha akutajie kila sura, na rekodi iwe inaendelea.

Wenye nyaraka waeleze namna ya kuzitunza: ndani ya bahasha safi ya karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa, moshi na jua. Selotepu na kulaminisha viepukwe kabisa. Gundi ya selotepu hula karatasi, na kilicholaminishwa hakirudi kilivyokuwa. Maelezo yaandikwe kwa penseli.

Kwa habari za zamani zaidi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina kumbukumbu za wakati wa Wajerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza. Unapotafuta, taja pia Tabora, kwa sababu Kigoma ilikuwa chini ya Jimbo la Magharibi lililotawaliwa kutoka Tabora, na majalada mengi yana jina la jimbo. Wamisionari wa Afrika, yaani shirika la Kikatoliki la White Fathers, walioingia Ujiji 1879, waliandika shajara za vituo vyao, na hifadhi yao kuu iko Roma.

Hatua ya tisa: ufundi na zana

Lusenga ikining'inizwa ukutani bila maelezo ni wavu tu. Muombe fundi atengeneze au arekebishe zana mbele ya kamera, akisema anachofanya: mti gani anakata, anausubiri ukauke muda gani, anaziba nyufa kwa nini, kipimo chake ni mkono au hatua. Piga picha mikono kwa karibu, kisha mwili mzima. Akimaliza, mwambie kijana wake arudie huku yeye akimkosoa. Makosa ya kijana humfanya fundi aseme mambo ambayo yeye mwenyewe huyafanya bila kuyafikiria.

Zana ibaki kwa mwenyewe. Ukikuta vitu vya kale sana, kama vigae ardhini au chuma kilichofukuliwa na maji, piga picha, weka alama ya mahali na uwaarifu viongozi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo, na kuvichimba au kuviuza bila kibali ni kosa.

Hatua ya kumi: kuandika yaliyosemwa

Saa moja ya rekodi inaweza kukuchukua saa tano au sita kuiandika yote. Kama nguvu haitoshi, andika muhtasari wenye dakika: "12:40, kuhamishwa kambi, 18:05, karabai ya kwanza". Sehemu nzito ziandike neno kwa neno. Aliyesema Kiha, Kibembe au Kitongwe aandikwe kwa lugha hiyohiyo, tafsiri ya Kiswahili iwe pembeni. Usimsafishie mtu Kiswahili chake kiwe cha gazeti. Majina ya samaki (mgebuka, sangala, kuhe, nonzi) yaandikwe kama alivyoyatamka, hata kama kijiji jirani husema vingine.

Wasimulizi wawili wakipingana juu ya mwanzilishi wa mwalo, andika wote wawili. Kazi yako si kuamua kesi.

Hatua ya kumi na moja: nakala

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, hamisha rekodi kutoka kwenye simu. Ipe jina lenye mwaka, mwezi, siku, kijiji na namba, na daftari moja liwe na orodha ya kila rekodi, ridhaa yake na vizuizi vyake. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta au diski, moja kwenye kadi ya kumbukumbu, ya tatu mahali pengine kabisa, tuseme kwa mtu wa kuaminika Kigoma mjini, ili moto au maji visizikute zote pamoja. Kila mwaka zifungue usikie kama zinalia. Kadi za bei nafuu hufa kimya kimya.

Hatua ya kumi na mbili: rudisha kwa wenyewe

Kazi ikiishia kwenye diski ya mtu wa mjini, kijiji kimechukuliwa mali yake. Itisha kikao cha kusikiliza, tena wakati wa mbalamwezi, uweke spika uwanjani mwaloni na uchague vipande vifupi vilivyoruhusiwa. Kila aliyehojiwa apewe sauti yake kwenye simu ya mtoto au mjukuu wake. Shule ipate ramani iliyochorwa upya kwa usafi na kijitabu kilichochapwa, chenye majina ya wasimulizi walioridhia, na ofisi ya kijiji ipate nakala yenye mhuri.

Siku ya kikao nenda na daftari tupu na simu yenye chaji. Watu watasimama kusema "hapo amekosea, haikuwa kambi ya baba yake, ilikuwa ya babu yetu", na bibi aliyekataa kuhojiwa miezi yote ataanza kuzungumza kutoka alipoketi. Waandike wote, na panga nao siku za mahojiano kabla hawajatawanyika, maana giza likiingia watarudi ziwani.